Kidakuzi Nacho Kibishe Hodi: Mwenye Tovuti na Sheria ya Ridhaa

Katika vijiji vya Ugogo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, mgeni afikapo kwenye tembe ya mtu haingii moja kwa moja. Husimama nje, akabisha hodi, akangoja. Akiitikiwa "karibu", huingia. Asipoitikiwa hubisha tena, na mara ya tatu isipojibiwa huenda zake. Hakuna mtu mwenye adabu awezaye kudai kwamba ukimya wa mwenye nyumba ulikuwa ndiyo ruhusa ya kuingia.

Desturi hiyo yafaa ikumbukwe tunapozungumzia jambo moja la teknolojia ya siku hizi. Kila siku wakazi wa Dodoma, Manyoni, Singida, Kondoa na Mpwapwa hufungua tovuti kwa simu zao: mmoja hutafuta bei ya alizeti, mwingine matokeo ya mtihani, mwingine dawa ya ugonjwa unaomsumbua. Watu hao hujiona kuwa wao ndio wageni, na tovuti ndiyo mwenyeji. Ni kweli kwa upande mmoja. Lakini kwa upande wa pili tovuti nayo imeingia katika simu ya msomaji, na mara nyingi huacha humo kitu kidogo kiitwacho kidakuzi, ambacho kitamtambulisha msomaji huyo atakaporudi kesho, au atakapokwenda kwingine. Je, tovuti hiyo ilibisha hodi?

Swali hilo ndilo shina la sheria za ridhaa ambazo zimetungwa katika nchi nyingi, na ambazo sasa zinamhusu kila mwenye tovuti katika Tanzania: shule, zahanati, chama cha ushirika, duka au nyumba ya wageni. Makala haya yanaeleza kidakuzi ni nini, kwa nini sheria imekiangalia, na mambo ambayo mwenye tovuti anaweza kuyatenda yeye mwenyewe bila gharama kubwa.

Kidakuzi ni nini?

Ili kukielewa kidakuzi, hapana budi kwanza kuuelewa upungufu mmoja wa mtandao. Mazungumzo kati ya kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, na seva, yaani ile kompyuta inayohifadhi tovuti, hufuata utaratibu maalumu uitwao itifaki ya HTTP. Utaratibu huo hauna kumbukumbu. Kivinjari huomba ukurasa, seva huutoa, na habari imekwisha. Kivinjari kikiomba ukurasa wa pili baada ya sekunde moja, seva hukipokea kama mtu ambaye haijapata kumwona.

Tuchukue mfano wa zahanati yenye wagonjwa wengi. Mhudumu wa dirishani hawezi kukumbuka sura ya kila mtu. Kwa hiyo, siku ya kwanza humwandikia mgonjwa kadi yenye namba, na kumwambia aje nayo kila anapohudhuria. Kumbukumbu ya mgonjwa yule haimo kichwani mwa mhudumu. Imo mkononi mwa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa huonyesha kadi, mhudumu husoma namba, hufungua jalada, na kazi huendelea pale ilipoishia.

Kidakuzi ni kadi ya namna hiyo. Ni maandishi mafupi ambayo seva huyatuma kwa kivinjari, nayo huwa na jina, thamani, anwani ya tovuti inayohusika, na mara nyingi tarehe ya kumalizika muda. Kivinjari huyahifadhi, na kila kinapoiomba tovuti ile ukurasa mwingine, huyarudisha pamoja na maombi yake. Kwa kawaida kidakuzi kimoja hakizidi baiti 4,096, yaani takriban herufi elfu nne. Wala si programu: hakiwezi kujiendesha, hakiwezi kufuta mafaili, na si kirusi kama watu wengine wanavyodhani.

Mbinu hii ilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mtaalamu kijana wa kampuni ya Netscape huko Marekani. Tatizo lililomkabili lilikuwa la kidukani. Mteja anayetaka kununua vitu vitatu katika tovuti lazima awe na kapu la kuviwekea anapopita kutoka ukurasa hadi ukurasa, lakini seva isiyo na kumbukumbu haiwezi kujua kapu lipi ni la nani. Kidakuzi kililitatua tatizo hilo kwa njia rahisi. Hata leo, mtu anapoingia katika akaunti yake ya benki au ya chuo na kubaki amefunguliwa mlango mpaka amalize shughuli zake, ni kidakuzi kinachomwezesha.

Kadi moja, madirisha mengi

Ikiwa kidakuzi ni kadi tu, kwa nini nchi kadhaa zikitungie sheria? Jibu limo katika swali la pili: kadi hiyo imetolewa na nani, nayo husomwa katika madirisha mangapi?

Vidakuzi vyaweza kugawanywa kwa njia mbili. Kwanza kwa umri. Vipo vya kikao, ambavyo hufutika mtu anapokifunga kivinjari, na vipo vya kudumu, ambavyo hukaa katika kifaa kwa siku, miezi hata miaka. Pili kwa mwenye kuvitoa. Vipo vya tovuti yenyewe, na vipo vya upande wa tatu, yaani vinavyotolewa na kampuni ambayo mgeni hakukusudia kuitembelea.

Aina hii ya mwisho ndiyo yenye uzito. Tuseme pana mwenye nyumba ya wageni katika mji wa Kondoa, anayepokea watu wanaokwenda kutazama michoro ya miambani ya Kolo, ambayo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Amejitengenezea tovuti. Ili ipendeze ameweka ramani ya njia, video fupi ya michoro, kitufe cha mtandao wa kijamii, na kihesabio cha wageni. Vitu hivi vinne havitoki katika seva yake. Kila kimoja huletwa na seva ya kampuni nyingine, na kila seva inayoleta kitu hupata nafasi ya kuweka kidakuzi chake. Mgeni aliyefungua tovuti moja ya Kondoa amekwisha kufahamiana na kampuni nne za ng'ambo bila kujua.

Sasa tuseme kampuni mojawapo imeweka video, vitufe au matangazo yake katika tovuti laki moja. Namba iliyomo katika kidakuzi chake husomwa katika tovuti zote hizo. Ni kana kwamba kampuni moja imeweka kijana wake mwenye daftari katika mlango wa kila duka, kuanzia Soko la Majengo hadi Kizota, naye huandika: mtu namba fulani aliingia hapa saa nne, akatazama viatu, saa tano alikuwa duka la dawa, akasimama mbele ya rafu fulani. Daftari halina jina la mtu. Lakini siku mtu huyo atakapoingia katika akaunti yenye jina lake mbele ya kampuni ile ile, jina na namba vitakutana, na daftari lote litakuwa lake.

Hapo ndipo madhara yalipo. Msichana anayesoma habari za ujauzito katika tovuti ya zahanati, mfanyakazi anayesoma habari za kifua kikuu, mkulima anayetafuta mkopo kwa sababu ameshindwa kulipa wa kwanza: hawa wote wamo katika shughuli ambazo wasingependa zijulikane hata na jirani. Na katika mazingira yetu lipo jambo la ziada. Simu moja yaweza kutumiwa na mume, mke na watoto, na kompyuta moja ya maabara ya chuo yaweza kutumiwa na wanafunzi ishirini kwa siku. Tangazo la dawa linaloonekana katika simu ya nyumbani kwa sababu ya jambo alilolisoma binti laweza kusomwa na baba. Mwenye zahanati aliyeweka kihesabio cha bure katika tovuti yake hakukusudia kutoa siri ya mtu. Lakini siri imetoka, na imetokea mlangoni pake.

Lipo pia suala la gharama. Vitu vya upande wa tatu husafiri kwa kifurushi cha intaneti alichokilipia mgeni. Kwa hiyo mtu hufuatiliwa, na fedha ya kumfuatilia hulipa yeye.

Sheria ya Tanzania yasemaje?

Haki ya faragha si jambo geni katika sheria zetu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi katika mabadiliko ya mwaka 1984, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni sheria ya kueleza namna haki hiyo itakavyolindwa wakati habari za watu zinapokusanywa kwa mashine.

Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge, jijini Dodoma, mwezi Novemba 2022: nayo ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kanuni zake zikatolewa mwaka huo huo. Kwa sheria hiyo imeundwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024.

Sheria hiyo haina sura inayohusu vidakuzi peke yake. Kwa sababu hiyo wapo wenye tovuti wanaodhani kwamba hawahusiki. Dhana hiyo ni ya hatari. Taarifa binafsi, kwa maana ya sheria hiyo, ni taarifa zinazomhusu mtu anayetambulika, na miongoni mwake ni namba ya utambulisho, alama au kitu kingine mahususi alichopewa mtu huyo. Mtu akiyasoma maneno hayo kisha akaitazama namba iliyomo ndani ya kidakuzi cha ufuatiliaji, itamwia vigumu kueleza kwa nini namba hiyo isihesabiwe.

Yako mambo machache ambayo mwenye tovuti yampasa ayashike. Mtu au taasisi inayokusanya taarifa binafsi, ambayo sheria huiita mkusanyaji, lazima isajiliwe na Tume. Taarifa zikusanywe kwa kusudi halali lililo wazi, ziwe zile tu zinazohitajika kwa kusudi hilo, na zisikae kupita muda unaohitajika. Mhusika aelezwe, kabla ya kukusanywa, taarifa zake ni za kazi gani na zitapelekwa kwa nani. Kupelekwa kwa taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Mhusika ana haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara.

Zaidi ya hayo, sheria imezitenga taarifa zinazoitwa nyeti, zikiwamo za afya na zinazohusu watoto. Hizi hulindwa kwa masharti makali zaidi, ikiwamo ridhaa ya maandishi ya mhusika, ambayo anaweza kuiondoa wakati wowote. Hivyo tovuti ya zahanati au ya shule ya msingi haiwezi kulinganishwa na tovuti ya duka la vipuri. Adhabu nazo si za mzaha: kwa kampuni inayopatikana na hatia ya kufichua taarifa kinyume cha sheria, faini yaweza kufikia shilingi bilioni 5.

Mafunzo kutoka nje

Kwa kuwa Tume yetu bado ni changa, ni vyema kutazama nchi ambazo zimeshughulika na suala hili kwa muda mrefu zaidi. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kuhusu faragha katika mawasiliano ya elektroniki mwaka 2002, na mwaka 2009 ukalirekebisha ili kutaka ridhaa itolewe kabla ya kitu chochote kuhifadhiwa katika kifaa cha mtu, isipokuwa kile kilicho cha lazima kwa huduma aliyoiomba mwenyewe. Tarehe 25 Mei 2018 ilianza kutumika Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Taarifa, iliyoeleza kinaganaga ridhaa ya kweli ni ipi: itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi, baada ya kuelezwa, na kwa tendo lililo wazi.

Maneno hayo yalipimwa mahakamani. Kampuni moja ya Ujerumani, Planet49, iliendesha mchezo wa bahati nasibu katika tovuti, ikaweka kisanduku cha ridhaa ya vidakuzi ambacho tayari kilikuwa kimewekewa alama ya vema. Asiyetaka alipaswa kuiondoa alama hiyo mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hiyo si ridhaa. Mtu ambaye hakuigusa alama huenda hakuiona kabisa. Mahakama iliongeza kuwa mgeni lazima aelezwe vidakuzi vitadumu kwa muda gani, na kama watu wengine wataweza kuvifikia.

Zipo desturi ambamo kunyamaza huhesabiwa kuwa ni kukubali. Katika suala hili kanuni imegeuzwa: kunyamaza ni kukataa.

Hatua iliyofuata ilihusu usawa wa milango. Mwishoni mwa mwaka 2021 tume ya Ufaransa iitwayo CNIL iliitoza Google faini ya euro milioni 150, na Facebook euro milioni 60. Kosa lilikuwa kwamba mgeni aliweza kukubali vidakuzi vyote kwa kubofya mara moja, lakini ili avikatae ilimlazimu kubofya mara kadhaa. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana na wa kutokea ulikuwa umefichwa.

Msomaji aweza kuuliza, mambo ya Ufaransa yamhusu nini mtu wa Kondoa? Yamhusu kwa sababu kanuni ya Ulaya huwafuata hata walio nje ya Ulaya, iwapo wanawauzia huduma watu walioko huko au wanafuatilia mwenendo wao. Nyumba ya wageni inayotangaza vyumba kwa Kijerumani na kupokea malipo kwa euro imo katika maelezo hayo. Hata kama hakuna mkaguzi wa Paris atakayefika Kolo, wakala wa safari wa Ulaya anayewaleta watalii aweza kumwuliza mshirika wake kuhusu jambo hili kabla ya kuweka sahihi mkataba.

Tusidhani pia kwamba sheria hizi huyagusa makampuni makubwa pekee. Kenya, iliyotunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019, ilitangaza mwezi Septemba 2023 faini kwa taasisi tatu. Mojawapo ilikuwa shule, iliyotangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi; faini yake ilikuwa shilingi za Kenya 4,550,000. Nyingine ilikuwa mahali pa starehe palipoweka picha ya mteja katika mtandao wa kijamii bila ridhaa yake. Mashauri hayo hayakuwa ya vidakuzi, lakini kosa lilikuwa la jamii moja: kutumia kitu cha mtu bila kumwuliza.

Mwenye tovuti afanye nini?

Wenye tovuti wengi, wakisikia habari hizi, hukimbilia kuweka bango la ridhaa. Hununua au hunakili programu inayotokeza kisanduku chini ya ukurasa, wakaona kazi imekwisha. Kwa hakika wameanzia mwisho. Bango ni jambo la nne katika orodha.

La kwanza ni kuhesabu. Mwenye tovuti aifungue tovuti yake katika dirisha la faragha la kivinjari cha kompyuta, bila kubofya chochote, kisha afungue sehemu ya zana za wasanifu na kutazama orodha ya vitu vilivyohifadhiwa. Kila kivinjari kikubwa kina sehemu hiyo, nayo haina malipo. Aandike katika daftari jina la kila kidakuzi, anwani ya aliyekiweka, muda wake na kazi yake. Arudie kwa kila ukurasa wenye video, ramani au fomu. Asisahau kwamba zipo njia nyingine za kuhifadhi kumbukumbu katika kifaa cha mgeni, na picha zisizoonekana za kufuatilia. Sheria hutazama tendo, haitazami jina la mbinu. Wengi wafanyapo zoezi hili kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa maana hukuta vitu ambavyo wao wenyewe hawakuviweka, ila vilikuja pamoja na kiolezo cha tovuti walichokinunua.

La pili ni kupunguza. Kwa kila kilichoandikwa, liulizwe swali moja: kikiondolewa, ni kazi gani itakayosimama? Ramani ya moja kwa moja yaweza kubadilishwa na picha ya ramani yenye kiungo, ili mgeni anayetaka ndiye aende huko. Video yaweza kuonyeshwa kwa picha tuli, nayo ikaletwa pale tu mgeni anapoibofya. Kitufe cha mtandao wa kijamii chaweza kuwa kiungo cha kawaida. Idadi ya wageni yaweza kupatikana kwa kusoma kumbukumbu za seva yenyewe, ambazo nazo zitunzwe kwa uangalifu na kufutwa baada ya muda, kwa kuwa anwani za kompyuta zilizomo ndani yake zaweza kumtambulisha mtu. Chama cha wakulima wa zabibu kinachotaka tu kutangaza bei na siku za mikutano hakihitaji kidakuzi hata kimoja. Tovuti ya namna hiyo haina haja ya bango lolote la vidakuzi; nayo itafunguka upesi hata mahali ambapo mtandao ni dhaifu.

La tatu ni kupanga. Vilivyobaki vigawanywe katika mafungu: vya lazima, kama kile kinachokumbuka kapu la mnunuzi au kumwacha mtu aingie katika akaunti yake, vya upendeleo, kama kinachokumbuka lugha, vya takwimu, na vya matangazo. Fungu la kwanza lielezwe kwa mgeni, lakini halihitaji kuombewa ruhusa kwa kawaida. Mafungu mengine yaombewe, kila moja peke yake. Mwenye tovuti asijidanganye kwa kuliita la lazima kila jambo linalomfaa yeye. Kipimo cha ulazima ni huduma aliyoiomba mgeni, wala si biashara anayoitaka mwenyeji.

La nne ndilo bango lenyewe. Liwe kwa lugha anayoielewa mgeni. Kwa tovuti ya wananchi wa Tanzania, hiyo ni Kiswahili. Liseme machache na kweli. Kwa mfano: "Tovuti hii ina kidakuzi kimoja cha lazima, kinachokumbuka kapu lako hadi utakapofunga kivinjari. Tungependa pia kuweka kidakuzi cha kuhesabu wageni, kitakachokaa miezi sita na kusomwa na sisi peke yetu. Je, unakubali?" Chini yake viwepo vitufe viwili, "Nakubali" na "Sikubali", vyenye ukubwa mmoja na rangi isiyopendelea upande. Visanduku visiwekewe alama ya vema mapema. Na mgeni akikataa, asifungiwe ukurasa.

La tano ni kuhakikisha kwamba jibu linatiiwa. Hapa ndipo mabango mengi yanaposhindwa. Vidakuzi huwekwa mara ukurasa unapofunguka, na bango hutokea baadaye kuomba ruhusa ya jambo lililokwisha kutendeka. Fundi wa tovuti aagizwe azuie kila kitu kisicho cha lazima mpaka "Nakubali" ibofywe. Kisha mwenye tovuti arudie lile zoezi la kuhesabu mara tatu: kabla ya kujibu, baada ya kukataa, na baada ya kukubali. Matokeo ya mara ya kwanza na ya pili yapaswa kufanana.

La sita ni kuweka kumbukumbu na njia ya kurudi nyuma. Iandikwe ridhaa ilitolewa lini na kwa maneno gani ya bango. Kila ukurasa uwe na kiungo cha kubadili uamuzi, na kubadili kusiwe kugumu kuliko kukubali. CNIL inapendekeza uamuzi wa mgeni, awe alikubali au alikataa, uheshimiwe kwa miezi 6 kabla ya kuulizwa tena. Ni kipimo kinachofaa kuigwa.

La saba ni karatasi. Mwenye tovuti ajisajili kwa Tume, na awe na maandishi kati yake na kila kampuni inayopokea taarifa kwa niaba yake, hasa iwapo seva zake ziko nje ya nchi. Sera ya faragha aiandike mwenyewe, kutokana na lile daftari lake. Si ajabu kukuta sera iliyonakiliwa kutoka tovuti ya kigeni ikimwambia mkazi wa Bahi kwamba haki zake zinalindwa na sheria za jimbo la California.

Je, vidakuzi si vinakwisha?

Wapo wanaosema kwamba kazi hii yote ni bure kwa kuwa vidakuzi vya upande wa tatu vinatoweka. Ni kweli kwamba kivinjari cha Safari kilianza kuvizuia vyote mwaka 2020, na Firefox kikavitenganisha kwa kila tovuti kuanzia mwaka 2022. Lakini Google, yenye kivinjari kinachotumiwa na watu wengi zaidi duniani, ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaviondoa, ikaahirisha mara kadhaa, kisha mwezi Julai 2024 ikaiacha nia hiyo. Hata kama siku moja vitatoweka, zitabaki mbinu nyingine za kumtambua mtu, kama vile kupima sifa ndogo ndogo za kifaa chake: ukubwa wa kioo, aina za herufi, saa za eneo. Mbinu hizo ni mbaya zaidi, maana haziachi kitu ambacho mgeni anaweza kukifuta. Wajibu wa kuomba ridhaa utabaki pale pale.

Hitimisho

Suala la vidakuzi limezoeleka kuonekana kuwa ni usumbufu wa vibango vinavyofunika maandishi, na watu hubofya "Nakubali" ili tu wasome habari zao. Lawama ya usumbufu huo hutupiwa sheria. Lakini sheria haimlazimishi mtu yeyote kuweka bango. Inamlazimu aombe ruhusa kama anataka kukusanya habari za mwenzake. Asiyekusanya hana la kuomba. Ndiyo maana njia iliyo rahisi, na iliyo nafuu kwa mwenye tovuti ndogo wa Dodoma au Singida, ni kuanza na daftari na kuondoa kila asichokihitaji.

Kwa kile kitakachobaki, kwa kuwa ni cha haki na kina faida, aombe kwa lugha iliyo wazi na kungoja jibu. Mgeni akisema hapana, heshima yake isipungue. Mkulima aliyejua kwamba tovuti ya chama chake haimchungulii ataifungua tena kesho, na binti aliyesoma habari za afya bila kuandikwa katika daftari la mtu ataweza kwenda zahanati bila hofu. Imani ya namna hiyo ikishavunjika, hakuna bango litakaloirudisha.